Nyumba ya Frederick Imetoa Mtu

Kwetu, juu ya Vudee, mahali tambarare hapapatikani, panatengenezwa. Hata ukitaka kuanika maharage, lazima kwanza uchimbe. Kwa hiyo watoto walipoanza kudai uwanja wa mpira, wazazi hawakuuliza uwanja uko wapi, waliuliza majembe yako wapi. Pembe ikapigwa, msaragambo ukaitishwa. Ndiyo kazi yetu Wapare tangu mababu: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu, iwe kuchimba mfereji, iwe barabara, iwe kaburi. Nyumba isiyotoa mtu haipigwi wala haitukanwi. Inaachwa tu. Siku ikifikwa na msiba, inachimba yenyewe.

Tukaukata mlima, uwanja ukapatikana. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili mteremko mpaka kwenye migomba ya watu. Mpira ukiporomokea huko, mechi inasimama, watu wanapiga soga mpaka urudi. Magoli tukayasimamisha ya mikaratusi, minene, haijachongwa vizuri. Watoto hawakujali. Waliuona kama uwanja wa taifa.

Shida haikuwa watoto, ilikuwa sisi wakubwa. Mtoto amepangwa kucheza, baba yake kamshikisha jembe kwa kuwa zamu yao ya maji ya ndiva imefika, na bwawa lile likishafunguliwa maji hayamsubiri mtu. Mwingine mama yake kamtuma Myamba na tangawizi, ni siku ya soko. Mwalimu Hezroni, kijana wa watu anayefundisha timu kwa kujitolea, anabaki na nusu ya wachezaji na filimbi yake. Na wale wazazi waliokuja, afadhali wasingekuja. "Piga mbele we! Hezroni, huyo mtoe, hana miguu huyo, ana vijiti!" Baba mmoja alimzaba refa kibao, na refa mwenyewe alikuwa shemeji yake. Walikaa mwaka mzima hawapeani salamu.

Ndipo kikao kikaitwa. Mwanangu Frederick, ambaye ndiye mpiga pembe wa kijiji, akasimama.

"Uwanja huu tuliuchimba kwa msaragambo," akasema. "Basi na timu iwe msaragambo. Siku ya mechi kila nyumba yenye mchezaji imtoe. Asipoweza, nyumba hiyo itoe mwingine. Mtu kwa mtu."

"Na wale wa kupiga kelele?" akauliza Mama Fortunata, jirani yetu.

"Tutafunga kamba. Mzazi asivuke kamba, asimwite mtoto wake, asimfundishe kocha kazi. Mwenye neno aje kwa kamati."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa sheria nzuri, nasema hivyo mpaka leo. Watoto walicheza, ugomvi ulikwisha, na Hezroni alinenepa kidogo.

Mjukuu wangu Asheri, mtoto wa Frederick na Dorkas, ndiye alikuwa mdakaji wa timu. Mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na yeye akirudi mazoezini anasimama mlangoni na kuniuliza, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Alikuwa na mikono mirefu kama ya kunyanyulia mawingu. Kila jioni tulitegeana vitendawili tukichambua maharage, na mara nyingi alinishinda, kwa maana vyangu ni vya zamani na yeye alikuwa anatunga vyake. Nakumbuka kimoja: "Anapigwa na kila mtu, na akipotea kila mtu anamtafuta." Nikasema mwizi. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni mpira, bibi, mpira!

Alhamisi moja, kwenye mazoezi, aliruka kuokoa mpira wa pembeni. Mpira aliupata. Kichwa chake kikapata nguzo ya goli. Wenzake walisema mlio wake ulikuwa kama mtu kapasua kuni. Alilala kidogo, kisha akainuka na mpira ukiwa bado mikononi, nao wakamshangilia. Frederick alikuja kutusimulia kwa furaha huku anavua buti.

"Hakuuachia mpira! Mama, mjukuu wako hakuuachia!"

Kesho yake Asheri hakula. Alisema moto wa jikoni unamchoma macho. Shuleni alilaza kichwa juu ya dawati akasinzia, mtoto ambaye hajawahi kusinzia darasani. Jioni nikamketisha nje kwenye jamvi, nikaweka ungo wa maharage katikati yetu.

"Kitendawili!"

"Tega," akasema, polepole.

"Babu yangu hulala na shuka kichwani, jua likipanda analivua."

Hicho alikitunga yeye mwenyewe, hajaanza hata shule, asubuhi moja alipouona ukungu ukiondoka juu ya mlima. Nilimtegea makusudi kwa kuwa ni chepesi, nikitaka acheke.

"Sijui, bibi."

"Acha utani, mume wangu."

"Sijui."

"Haya, basi nipe mji." Ndiyo desturi. Ukishindwa unampa mwenzako mji, naye akishautawala anakutolea jibu. Asheri siku zote alinipa Same, kwa sababu ndio mji unaoonekana kutoka uani kwetu, mabati yanang'aa kule chini kama mtu kamwaga sindano.

Akageuka kuangalia tambarare. Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi.

"Nakupa ule." Akanyoosha kidole. "Ule wa chini."

"Ndiyo, ule. Unaitwaje?"

Alifikiri. Niliona anavyofikiri, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Kisha akaniangalia na macho yake yakajaa.

"Bibi, unaitwaje?"

Niliuacha ungo palepale, kuku wakala maharage. Nikamfuata Dorkas jikoni.

Dorkas, mkwe wangu, ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza, akafunika sufuria, akatoka kwenda kukaa karibu na mtoto. Asubuhi ya Jumamosi alimshika mkono wakateremka taratibu hadi zahanati.

Nesi wetu anaitwa Salha, mzaliwa wa Bendera kule tambarare, Mwislamu, msichana mpole mwenye sauti ya chini. Alimmulika Asheri machoni kwa tochi, akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Asheri akaangukia kabati la dawa.

"Mama Asheri, kichwa cha huyu mtoto kimetikisika ndani," Salha akasema. "Lazima ashuke Same hospitali wakampime. Ingekuwa kuna gari ningesema sasa hivi."

Gari halikuwapo. Mvua ilikuwa imeila barabara na vile vigari vyetu vidogo vilikuwa vimegoma kupanda.

"Nikodi pikipiki?"

"Kwenye mawe yale? Atagongwa kichwa njia nzima. Kesho si timu ya Bendera inapanda na lori? Lori lile linapita popote. Mechi ikiisha, shukeni nalo." Akamshika Dorkas mkono. "Ila nisikilize, mama. Mtoto huyu asicheze. Hata akicheka, hata akuambie amepona. Kichwa kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona, mtu anaweza kufa. Au akabaki, lakini asiwe yule."

Maneno hayo Dorkas alimrudishia mumewe jioni, kama alivyoambiwa, bila kuongeza chumvi. Frederick alikuwa anaifuta pembe yake kwa mafuta.

"Salha ni mtoto wa tambarare," akasema. "Kule mtu akijikwaa anafunga bandeji."

"Baba Asheri, mtoto ameshindwa kuitaja Same."

"Mimi mwenyewe juzi nilisahau jina la mchungaji."

"Usinichekeshe. Nakuomba. Usinichekeshe."

Frederick akaiweka pembe chini. Mwanangu si mtu mbaya, na nisipolisema hilo hamtaelewa lililofuata.

"Dorkas, mimi ndiye niliyeileta hii sheria. Mwezi uliopita kijana wa Mama Fortunata alikuwa na malaria. Mama yake alinijia hapa, mlango huuhuu. Nikamwambia nini? Mtu kwa mtu. Akamleta binti yake mdogo akacheza na sketi, watu wakacheka, lakini nyumba yake ikatoa mtu. Leo ni zamu ya nyumba yangu, nimfiche mwanangu? Watasema sheria ni ya wengine."

"Waseme."

"Wewe unasema waseme. Wakikuacha, nani atakuzika?"

"Kwani unataka mimi nizike mtoto kwanza?"

Mimi nikasema, "Frederick, mwanangu, mtoto hana ndugu wa kushika nafasi yake, hilo kila mtu analijua. Nenda ukaieleze kamati."

"Mama, nisamehe," akasema, bila kuniangalia. "Kamati ndiyo mimi." Kisha akamgeukia mkewe kwa sauti ya kubembeleza. "Si anadaka tu? Mdakaji hakimbii. Atasimama pale. Bendera hawana mashuti, wanapiga kama wanasukuma mbuzi."

Asheri alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza.

"Nitacheza, mama," akasema. "Hakiumi tena."

Alisema hivyo huku ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa uwanjani. Lori la Bendera lilikuja linanguruma, watoto wanaimba nyuma. Kocha wao alikuwa Chande, jitu la kicheko, ambaye pia ndiye dereva. Dorkas alimfuata kwanza yeye, akiwa bado na kitenge chake cha kanisani na Biblia mkononi.

"Kaka, nina mgonjwa wa kupeleka Same. Tunaweza kuondoka sasa?"

"Dada, hawa watoto nimewatoa kwao alfajiri, nimewaahidi mpira. Filimbi ya mwisho ikipulizwa tu, nakupakia wewe wa kwanza. Haki ya Mungu."

Akamfuata Hezroni. Hezroni alikuwa anagawa jezi, akasimama wima kama mwanafunzi.

"Mama Asheri, shikamoo. Mimi simlazimishi mtoto yeyote. Lakini ninyi wazazi ndio mliosema siku ya mechi kocha asisikilize mzazi mmoja mmoja. Nikikusikiliza wewe, kesho wataniimbia wote." Akakuna kichwa. "Na mdakaji wa akiba kaenda Makanya kwa mjomba wake. Ongea na kamati, mama."

Kamati ilikuwa wazee wawili waliokuwa wanatafuna miwa, pamoja na Frederick. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia.

"Sheria unaijua," Frederick akasema.

"Naijua. Nyumba itoe mtu."

"Ndiyo."

"Haikusema mtoto."

"Nini?"

"Sheria yenu. Ilisema mtu. Haikusema mtoto."

Akanipa Biblia nimshikie. Akakaza kitenge kiunoni, akamvua Asheri glovu, akainama, akapita chini ya kamba. Alitembea mpaka golini, akageuka, akasimama katikati ya ile mikaratusi miwili.

"Nyumba ya Frederick imetoa mtu!" akapaza sauti. "Chezeni!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mlima wenyewe ulicheka.

"Dorkas, ukifungwa usiende kumshtakia mchungaji!"

"Mama Asheri, ruka kidogo tuone!"

"Refa," Chande akaita, "huyu tumfunge au tumwamkie?"

Na kweli, yule mshambuliaji wa Bendera, katoto kembamba, kalipofika karibu na goli kwenye kupasha misuli, kalisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Cheza tu."

Vicheko vikazidi, lakini Dorkas hakusogea. Na kadiri alivyokaa pale bila kucheka, ndivyo watu walivyoanza kunyamaza mmoja mmoja. Wale wazee wa miwa wakanong'onezana. Mmoja akasema, kwa kweli tulisema mtu. Mama Fortunata akasogea kwenye kamba.

"Binti yangu si alicheza na sketi?" akauliza kwa nguvu. "Sketi na kitenge vina tofauti gani? Mwacheni. Mtoto wake anaumwa!"

Wanawake wengine wakasema ni kweli, mwacheni. Refa akamwangalia Hezroni, Hezroni akaangalia chini. Hapo nikaona jambo linakwenda vizuri. Nilianza hata kupumua.

Ni Asheri aliyelivunja. Alikuwa kando ya kamba, mikono mitupu, na vijana wa Bendera walikuwa wanamzomea: "Nyonya, nyonya! Mama yako anakudakia, na penalti je, atakupigia bibi?" Uso wake ulikuwa umelowa. Akapita chini ya kamba, akaenda golini akiyumba.

"Mama, toka. Wananicheka."

"Waache wacheke, baba yangu. Nenda kakae na bibi yako."

"Toka! Nitadaka mwenyewe!"

Akaanza kumvuta glovu. Frederick naye akaingia, yeye aliyeifunga ile kamba, akavuka mbele ya watu wote. Akamshika mkewe kiwiko.

"Umenivua nguo hadharani, Dorkas."

"Nitakununulia nyingine. Mtoto huyu hachezi."

"Ni mtoto wangu pia."

"Basi mtoe! Sema neno moja tu, umtoe!"

Frederick akainua macho akawaangalia watu. Nilimwona anavyowaangalia, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta daraja. Hakuna aliyemwambia fanya hivi wala fanya vile. Walikuwa wanamsubiri.

"Kipindi cha kwanza tu," akasema. "Kisha atatoka. Nakuahidi."

Dorkas akaikumbatia nguzo. Mumewe akamvuta, hakuachia. Aliyemwachisha ni Asheri. Alimbandua mama yake vidole, kimoja baada ya kingine, huku analia kwa kwikwi. Na mama hawezi kupigana na vidole vya mwanawe. Akaachia.

Refa akapuliza.

Dorkas hakurudi kwangu. Alisimama nyuma ya goli, ng'ambo ya kamba, kitenge kimelegea, macho kwa mtoto. Mwanzoni mpira ulikuwa mbali. Watoto wetu walishambulia, watu wakasahau, wakaanza tena kushangilia. Asheri alisimama kama baba yake alivyosema atasimama. Mara mbili nilimwona anajikinga jua, na jua lilikuwa limefichwa na wingu.

Bendera wakapata kona. Mpira ukaja juu, si wa nguvu. Asheri akaruka, na beki wetu naye akaruka, bega likampata Asheri nyuma ya sikio. Kidogo tu. Yule beki mwenyewe alituambia baadaye hakujua kama amemgusa mtu. Mpira ukabaki mikononi mwa Asheri, akatua nao kwa miguu miwili, na watu wakapiga makofi kwa nguvu, kuliko siku zote.

Akauweka mpira chini taratibu. Akavua glovu, akazipanga juu ya nyasi kama anavyozipanga nyumbani chini ya kitanda. Kisha akaanza kutembea kwenda kule kwenye mteremko wa migomba. Nyumba yetu iko upande mwingine, juu ya uwanja.

"Asheri!" Hezroni akaita. "We, Asheri, unakwenda wapi?"

Dorkas alikuwa ameshavuka kamba anakimbia. Alikuwa bado hajamfikia pale magoti yalipomwishia mtoto akaenda chini, akatapika, akaanza kujinyonganyonga kama kuku aliyechinjwa.

Chande hakungoja filimbi yoyote. Alimbeba Asheri mikononi mpaka kwenye lori, watoto wake akatuachia sisi, na usiku ule vijana wa Bendera walilala katika nyumba zetu na kula ugali wetu kimyakimya. Tukatandika godoro kwenye bodi. Dorkas alipakata kichwa, mimi nikashika miguu. Frederick alisimama nyuma ya kichwa cha gari. Tukipita kwenye mawe alipiga bati na kuita, "Polepole, Chande! Polepole!" Tukitoka kwenye mawe alipiga tena: "Haraka! Haraka, ndugu yangu!" Alikwenda hivyo mpaka barabara ya lami, mpaka sauti ikakauka, akawa anapiga bati tu.

Njia nzima Dorkas alikuwa amemwinamia mwanawe, anamwita jina lake sikioni, tena na tena, taratibu, kama mtu anayeita kuku ndani.

Same hawakutuweka. Wakatupandisha kwenye gari la wagonjwa mpaka hospitali kubwa ya Moshi. Huko walimfungua mtoto kichwa, wakatoa damu iliyokuwa imeganda ndani.

Hakufa. Watu walituambia tumshukuru Mungu, na tulimshukuru.

Masika yalikuja, yakaisha, ndipo tukarudi naye nyumbani. Tulikuta shamba letu limepaliliwa na maji ya zamu yetu yamefunguliwa na watu ambao hatukuwaomba. Kikao cha wazazi kilikuwa kimekaa na kubadilisha ile sheria: mzazi akisema mtoto wake hachezi, imetosha, haulizwi. Walikuja kutuambia, wamebeba kuku na tangawizi, wamekaa kwenye ukingo wa viti. Dorkas aliwashukuru mmoja mmoja, akawapa chai. Hezroni alikuwa ameacha kufundisha. Dorkas akamwambia arudi.

"Watoto wa wenzangu wamekosa nini?" akamwambia.

Asheri anatembea. Mguu mmoja anauburuta, na mkono wa upande ule haukazi kitu. Ya zamani anayakumbuka, mimi ananijua, wimbo wa shule anaujua. Mapya hayakai. Unamwambia jambo asubuhi, jioni limekwisha, kama maji kwenye tenga. Ile siku ya mechi haimo kabisa kichwani mwake. Kwake yeye bado ni mdakaji.

Kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ngumu nyumbani kwetu. Baada ya ibada kelele za uwanjani zinapanda mpaka uani. Jumapili ya kwanza alizisikia, akainuka kwenye mkeka, akaanza kuangalia chini ya kitanda.

"Baba, glovu zangu ziko wapi? Tunachelewa."

Frederick alikuwa amekaa kizingitini anakunywa chai. Uso wake ulibadilika.

"Leo hakuna mechi, mwanangu."

Kule chini watu wakapiga kelele ya goli. Asheri akageuza shingo kusikiliza. Akamwangalia baba yake, kisha akaangalia upande wa kelele, kisha baba yake tena. Mtoto yule hakuwa amezoea kudanganywa. Akakaa chini.

"Haya," akasema.

Dorkas akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Usimdanganye," akamwambia mumewe.

"Nitamwambia nini?"

"Lililotokea. Lote. Mwambie wewe."

Nilidhani Frederick atasimama aondoke. Hakuondoka. Aliweka kikombe chini, akasogea mkekani, akamwambia mwanawe kuanzia ile nguzo. Akamwambia maneno ya Salha. Akamwambia jinsi mama yake alivyokwenda kusimama golini na watu wakacheka. Alipofika pale penyewe akakohoa, akaendelea.

"Mama yako alitaka nikutoe. Niliangalia watu. Nikakuacha ucheze."

Asheri alilia. Alilia kwa ajili ya mkono wake, akiuangalia kama ndiyo kwanza anauona. Baba yake alimshika wakalia pamoja, na Dorkas alisimama pale mpaka mwisho na unga wake mikononi. Kisha mtoto akajifuta.

"Tulifungwa?" akauliza.

"Hatukumaliza."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika kidogo. Jioni alikula vizuri.

Jumapili iliyofuata kelele zilipopanda, akainuka, akaangalia chini ya kitanda.

"Baba, glovu zangu ziko wapi? Tunachelewa."

Frederick alimwangalia mkewe. Dorkas alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho, lakini ungo ulisimama.

Frederick akaweka kikombe chini, akasogea mkekani, akaanza upya.